Mpaka Miriamu Arudishwe

Katika filamu ya Home Alone, iliyotoka mwaka 1990, Kevin McCallister ana miaka minane na nyumba yao imejaa ndugu wanaojiandaa kusafiri alfajiri kwenda Paris. Kaka yake mkubwa anamlia piza yake kwa makusudi, Kevin anamvamia, maziwa yanamwagika mezani, na ukoo mzima unamgeukia yeye peke yake. Mama yake, Kate, anamtoa jikoni na kumpandisha darini akalale huko. Ngazini mtoto anaomba msamaha. Mama anajibu kwamba amechelewa. Wanajibizana mpaka mama anasema hataki kumwona tena usiku ule, Kevin anajibu kwamba hataki kumwona tena maisha yake yote, na mlango unafungwa. Huko chini, katika harakati za kufuta maziwa, baba ameshatupa tiketi ya Kevin kwenye taka pamoja na karatasi zilizolowa. Usiku upepo unakata umeme, saa za kuamshia zinapoteza majira, asubuhi watu wanakurupuka, watoto wanahesabiwa mbiombio, mtoto wa jirani anahesabiwa mahali pa Kevin, na familia inaondoka.

Tukio la mzazi kumpeleka mtoto mkorofi chumbani, au kumzuia asitoke kwa siku kadhaa, limejirudia mno katika filamu za familia za Marekani, hata mtazamaji hulipita bila kulitazama. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha jambo hilo. Tunasema “leo hutoki”, au “hakuna kwenda kucheza”. Wamarekani walilichukua neno lao, grounded, kwa marubani: rubani aliyekosea huzuiwa kuruka, akabaki ardhini wenzake wakipaa. Ukilijua hilo, kisa cha Kevin kinakuwa neno lile lile lililopewa mwili, kwa maana wenzake walipaa kwelikweli. Na swali linalozaliwa hapo si la sinema tu. Mtu ana haki gani ya kumweka kando yule anayempenda kuliko nafsi yake? Na kitu gani hukifanya kitendo hicho kiwe adhabu, kisiwe kumtupa mtoto?

Jibu ninaloliamini limo katika kisa cha kale sana. Katika sura ya 12 ya Kitabu cha Hesabu, Miriamu na Haruni wanamnena vibaya ndugu yao Musa. Miriamu anapigwa kwa ukoma, Musa anamlilia Mungu amponye, na hukumu inatoka kwa mfano wa nyumbani kabisa, wa binti aliyeaibishwa na baba yake: akae nje ya kambi siku saba, kisha arudishwe. Anakaa siku saba kamili, bila kupunguziwa hata moja. Halafu inafuata taarifa fupi ambayo msomaji mwenye haraka huiruka, kwamba watu hawakusafiri mpaka Miriamu aliporudishwa kambini. Hilo lilikuwa taifa zima jangwani, lenye wazee, watoto wachanga na mifugo inayotaka maji, na safari ilikuwa ndefu bado. Aliyewekwa nje alikuwa mmoja; waliosimama walikuwa wote.

Hoja yangu ni kwamba kumtenga mtoto ni adhabu ya haki pale tu inapomfunga pia anayeitoa. Mzazi akishasema “kaa humo”, naye amejifunga kubaki karibu, kuhesabu muda pamoja na aliyemo ndani, na kuufungua mlango muda ukitimia. Akiendelea na safari zake kana kwamba hakuna aliyebaki nyuma, alichokifanya kimebadilika jina, hata kama mlango ni ule ule na kosa ni lile lile.

Mfano wa kinyume ulijengwa kwa mawe. Mwaka 1829 lilifunguliwa gereza la Eastern State mjini Philadelphia, kwa msukumo wa watu wa imani, Wakweka wakiwemo, waliochukizwa na viboko na kunyonga watu. Waliamini kwamba mkosaji akiachwa peke yake na dhamiri yake na Biblia, atatubu. Kila mfungwa alipewa chumba chake, mwanga ukiingia kutoka juu, na alipotolewa nje alifunikwa uso asimwone mtu wala asitambuliwe. Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842, akaandika kwa uchungu kwamba mateso ya namna hiyo, ya polepole, yanayoichezea akili ya binadamu siku baada ya siku, ni mabaya kuliko mateso yoyote ya mwili. Nia ya waanzilishi ilikuwa njema, na naikubali kuwa njema. Ila nje ya kuta zile hakukuwa na kambi iliyosimama. Waliiachia kazi ya toba mikononi mwa upweke, na upweke hauiwezi, kwa sababu anayetubu humrudia mtu, au humrudia Mungu, anayemngoja. Chumba kitupu hakimngoji yeyote.

Jean-Jacques Rousseau alikuwa ameligusa jambo hili mapema zaidi, katika kitabu chake Émile cha mwaka 1762. Anamzungumzia mtoto anayevunja madirisha ya chumba chake. Kwanza aachwe apigwe na upepo, anashauri. Akirudia, afungiwe mahali penye giza, pasipo na dirisha la kuvunja, mpaka aombe mapatano. Alitaka mtoto afundishwe na mambo yenyewe, asifundishwe na hasira za mkubwa. Hapo pana hekima, maana adhabu nyingi nyumbani ni hasira iliyovishwa nguo ya malezi. Lakini mlezi anayejificha nyuma ya giza amejitoa katika uhusiano ule ule aliodai kuutengeneza. Mtoto hakumkosea upepo. Ni vigumu kuusoma ushauri huo bila kukumbuka kwamba Rousseau aliwapeleka watoto wake watano katika nyumba ya watoto waliotelekezwa. Sisemi hivyo kumvunjia heshima. Nasema kwa sababu tofauti kati ya kufungia na kutelekeza ndiyo inayonishughulisha hapa, na yeye aliijua kwa pande zote mbili.

Sasa turudi kwa Kate. Filamu haimlaumu kwa kumpeleka mwanawe darini; inamlaumu kwa kuondoka. Anagundua kosa lake ndege ikiwa angani, na kuanzia hapo mtiririko wake ni mama anayejaribu kurudi kwenye mlango alioufunga. Uwanja wa ndege wa Paris anawasihi wazee wawili wamwachie kiti, akiwapa pesa, saa, pete na hereni zake. Anafika Dallas, kisha Scranton, na hapo safari inakwama, mpaka wanamuziki wa polka wanapompa nafasi katika gari lao la kukodi, naye anasafiri usiku kucha kuelekea Chicago katikati ya vyombo vya muziki. Anaingia nyumbani asubuhi ya Krismasi. Kevin hamkimbilii. Anasimama akimtazama, uso mkavu, mpaka mama anapoomba radhi. Ndipo anapotabasamu na kumwendea. Kisha mlango unafunguliwa tena, na wote waliobaki Paris wanaingia. Walipanda ndege ambayo Kate alikataa kuingoja. Ukiipima kwa saa, taabu yake yote, pamoja na hereni zile, ilimpatia dakika chache tu mbele ya wengine. Kwangu hizo ndizo dakika zenye uzito kuliko zote katika filamu ile. Mtoto aliyeambiwa usiku kwamba hatakiwi kuonekana alistahili kuona kwa macho yake kwamba yupo mtu ambaye, bila yeye, safari ilimshinda.

Filamu hiyo hiyo imemweka mzee Marley, jirani anayeogopwa na watoto, kama kivuli cha hadithi kuu. Kevin anakaa naye kanisani mkesha wa Krismasi, na mzee anaeleza kwamba aligombana na mwanawe miaka mingi nyuma na hawasemezani tena. Amekuja kumsikiliza mjukuu wake akiimba kwaya kwa sababu nyumbani kwao hakaribishwi. Huo ni utengano usio na siku ya nane. Hakuna aliyekaa akahesabu siku saba, kila upande unangoja mwingine aanze, na muda umegeuka ukuta. Mtoto wa miaka minane ndiye anayemwambia apige simu.

Inside Out, ya mwaka 2015, inalipita jambo hili kwa haraka lakini kwa jicho kali. Riley, mwenye miaka 11, amehamishwa kutoka Minnesota hadi San Francisco. Anajibu kwa ukali mezani, na baba anamwamuru aende chumbani kwake. Baadaye baba yule yule anapanda, anajaribu mzaha wao wa zamani wa kuiga nyani, na mtoto hacheki. Amekuja, hilo ni jema. Ameuliza kama binti yake anataka kuzungumza, lakini hakungoja jibu, na mwisho wa filamu unaonyesha kilichokosekana: wazazi wanakiri kwamba wao pia wanakumbuka kwao. Kungoja hakutoshi ikiwa anayengoja hataki kusikia.

Atatokea mtu aseme kwamba ninazibebesha filamu mzigo usio wao. Mwandishi wa filamu anataka mtoto awe peke yake ili kisa kianze, na kumfungia chumbani ni njia rahisi. Ni kweli kabisa, ila hilo linaeleza mwanzo, halielezi mwisho. Kama chumba ni chombo cha kuanzisha kisa tu, kisa kingeweza kufungwa mtoto anapotubu: Kevin anajuta kuwatakia ndugu zake watoweke, anafua nguo zake, anaitetea nyumba, anapamba mti. Toba yake imekamilika kabla mama hajafika, na bado hakuna mtazamaji anayekubali kwamba hadithi imekwisha. Tunabaki tukiutazama mlango. Watu wanaotazama bila falsafa yoyote wanajua kwamba deni la pili halijalipwa.

Pingamizi zito zaidi limo katika methali yetu wenyewe: mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Mzazi akijifunga kungoja, akajiumiza pamoja na mkosaji, mtoto atajua kwamba anaweza kumtesa mzazi kwa kosa lake, na adhabu itakuwa mchezo. Naiheshimu methali hiyo, lakini kungoja na kulegeza ni vitu viwili. Waislamu wanakijua kisa cha Ka‘b bin Malik na wenzake wawili, waliobaki Madina bila udhuru wakati wa msafara wa Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Watu walikatazwa kusema nao siku 50. Hapakuwa na kufuli. Ka‘b alitembea sokoni, akasali msikitini, na dunia kwa upana wake ikawa finyu kwake. Aliruka ukuta wa shamba la binamu yake Abu Qatada, mtu aliyempenda sana, akamtolea salamu, asiitikiwe. Mfalme wa Ghassan alimwandikia barua akimkaribisha kwake. Ka‘b aliitia kwenye tanuri ikaungua. Na yeye mwenyewe anasimulia kwamba alikuwa akisali karibu na Mtume (S.A.W.) na kumtazama kwa pembe ya jicho. Akielekea kwenye sala yake, Mtume alimtazama. Akigeuka, Mtume aliyaepusha macho yake.

Sijui mfano ulio bora kuliko huo. Siku 50 hazikupunguzwa hata moja, wala hakuna aliyejifanya kosa halikuwepo. Lakini mwadhibiwa alitazamwa muda wote, naye alilijua hilo, na pengine ndiyo maana barua ya mfalme haikumshinda. Msamaha uliposhuka, watu walimkimbilia kwa bishara, na Talha bin Ubaydullah aliinuka msikitini akaenda mbio kumpa mkono. Ka‘b hakumsahau kwa hilo maisha yake yote. Mtoto anayefungiwa na kusahauliwa hana sababu ya kuichoma barua ya Ghassan. Siku hizi barua hiyo hufika kwa simu, kutoka kwa yeyote aliye tayari kumwambia mtoto kwamba kwao hawamtaki.

Wengine watasema kwamba yote haya ni ya nyumba zenye vyumba. Mtoto wa Tandale au Kibera anayezitazama filamu hizi kwenye kibanda umiza analala na wenzake watatu mkeka mmoja. Afungiwe wapi, na nani atoke nje ampishe? Pengine ndiyo sababu mkono wetu huwahi fimbo, ambayo haihitaji chumba wala muda. Wepesi huo hasa ndio unaonitia shaka. Fimbo humalizika kwa dakika moja na mzazi akaendelea na shughuli zake, hana anachokingoja. Na pale fimbo inapokosekana, tunayo adhabu ya kutenga isiyotaka ukuta, nayo ni kununa. Mama asiyemsemesha mwanawe siku tatu amemfungia barabara, humo humo sebuleni, mbele ya sufuria moja. Kosa halikutajwa, siku hazikutajwa, na mtoto anabaki kuusoma uso wa mama yake kila asubuhi kama anayetafuta mwezi. Nyumba hizi zinalijua vizuri neno radhi, na radhi hutafutwa kwa mtu, uso kwa uso. Mzazi aliyenuna bila kikomo amemdai mtoto radhi huku ameuficha uso inakopatikana.

Mwaka 1963 Maurice Sendak alichapisha kitabu cha picha, Where the Wild Things Are, kuhusu Max, anayepelekwa chumbani bila chakula cha jioni, anasafiri mpaka nchi ya madude makali yanayomfanya mfalme, kisha anarudi na kukuta chakula kimewekwa, kingali cha moto. Spike Jonze alipokitengenezea filamu mwaka 2009, aliubadilisha mwanzo: Max anamng’ata mama yake na kukimbilia nje usiku. Mwisho hakuuondoa, aliuongezea mtu. Max anaporudi, mama anampa chakula na kuketi naye mezani. Hamuulizi kitu. Anamtazama akila, macho yanamlemea kwa uchovu, mpaka usingizi unamchukua pale pale alipoketi, na mtoto anabaki akimtazama.