Daftari la Mchungaji na Akili Mnemba

Mwaka jana, baada ya ibada ya Jumapili, kijana mmoja wa usharika wetu hapa Sumbawanga alinifuata ofisini. Anasoma mambo ya kompyuta chuo kikuu, naye alikuwa nyumbani kwa likizo. Alijua kwamba kwa miaka mingi nimeandika katika madaftari ziara zangu kwa wagonjwa na kwa watu waliokata tamaa. Akaniambia, "Baba Mchungaji, madaftari haya ni hazina. Tukiyapiga picha, na wachungaji wengine wakatoa ya kwao, tunaweza kuifundisha akili mnemba itambue mapema mtu mwenye kifafa, mwenye sonona, au anayekaribia kujitoa uhai. Majina nitayafuta."

Sikuweza kumjibu siku ile. Naleta swali lake kwako, ndugu msomaji, kwa sababu naamini litafika katika kila usharika: je, ni halali kuyatoa maumivu ya watu tuliokabidhiwa ili mashine ijifunze?

Kwanza tuseme kweli kuhusu faida. Akili mnemba ya namna hii ni programu inayoonyeshwa mifano mingi mpaka itambue mambo yanayofanana. Ikionyeshwa maelfu ya vipimo vya mawimbi ya umeme ya ubongo, vya wenye kifafa na vya wasio nacho, hujifunza kuvitofautisha. Katika nchi yenye mabingwa wachache wa ubongo, chombo kama hicho kingeweza kumsaidia tabibu wa Namanyere au Laela. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Mkristo hawezi kulipuuza jambo hili kwa sababu tu ni geni.

Lakini mashine hujifunza kwa kile ilichoonyeshwa, na sehemu kubwa ya takwimu za utafiti wa ubongo imetoka Ulaya na Marekani. Mtu wetu wa Ufipa hasemi, "Nina sonona." Husema ana mawazo mengi, moyo unamuuma, usingizi umemkimbia. Programu iliyofundishwa kwa maneno ya watu wa London inaweza isimsikie kabisa. Kwa hiyo, nikifunga daftari langu, kuna watakaoumia kwa kufunga kwangu.

Maandiko yanatuonyesha hesabu mbili. Mfalme Daudi aliwahesabu watu ili ajue nguvu ya majeshi yake, na tauni ikafuata. Mchungaji katika mfano wa Bwana Yesu naye alihesabu kondoo wake mia, na kwa hesabu hiyo akajua mmoja amepotea. Hesabu ya kwanza ilimhudumia mwenye kuhesabu. Ya pili ilimhudumia aliyekosekana.

Nchi yetu imewahi kuona hesabu ya aina ya pili. Huko Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, aliwakuta wenye kifafa wametengwa na jamii. Alianzisha kliniki kwa ajili yao, akawapa dawa, akasikiliza na kuandika habari zao. Miaka mingi baadaye watafiti waliendelea na kazi hiyo, wakaona uhusiano kati ya kifafa cha eneo lile na minyoo ya usubi. Katika hospitali ya kanisa letu ya Haydom, picha za ubongo za baadhi ya wenye kifafa zilionyesha athari za mabuu ya tegu wa nguruwe. Haya ni mambo yanayoweza kuzuilika, nayo yalijulikana kwa sababu kuna watu waliohesabiwa kwa upendo.

Nikaamua kurudi kwa watu walioandikwa katika daftari langu, mmoja mmoja, niwaombe ruhusa. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa kijiji cha mbali kidogo na mji, ambaye mwanawe huanguka tangu utotoni na aliwahi kuungua motoni. Nilipomweleza, alinyamaza, kisha akasema, "Baba Mchungaji, kama watoto wa wengine watapona, sawa. Ila nisomee kwanza ulichoandika."

Nikamsomea. Nilikuwa nimeandika: mtoto ana pepo, ameombewa.

Akasema kwa upole, "Mimi nilikuambia anaanguka, anatoa povu, halafu analala. Pepo uliandika wewe."

Sikuwa na la kujibu. Watu husimulia kwamba jina la mji wetu lina maana ya kutupa uchawi, nami nimehubiri mara nyingi dhidi ya kuwatuhumu watu uchawi. Kumbe niliandika hukumu mahali pa dalili, na mama yule alichelewa kwenda kliniki kwa sababu alimwamini mchungaji wake. Mwanawe sasa anatumia vidonge, na haanguki kama zamani. Ningempa yule kijana daftari bila kuuliza, mashine ingefundishwa kosa langu, na wengine wangelipokea kama elimu.

Wengine walikataa, na wana haki. Kufuta jina hakutoshi. Katika kijiji kidogo, mama aliyezika watoto watatu mwaka mmoja anajulikana bila kutajwa. Na aliyejaribu kujiua yuko hatarini zaidi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu inalihesabu jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nasi tuiheshimu. Lakini kwa mchungaji lipo deni kubwa zaidi: neno la toba lilisemwa mbele za Mungu, nami nililisikia kama mtumishi tu. Hilo sina mamlaka ya kumpa mtu yeyote, hata kwa kusudi jema.

Katika Marko 9, kabla ya kumponya kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini, Bwana Yesu alimuuliza baba yake limempata tangu lini. Yeye ajuaye yote aliuliza, akasubiri jibu la mzazi. Tukitaka mashine ziwasaidie wagonjwa wetu, tuanzie hapo: kuuliza, kusikiliza, kuwasomea walichokisema, na kuwarudishia faida itakayopatikana.

Mwishoni nilimpa kijana kurasa nne, zikiwa zimesahihishwa na wenyewe. Alisema ni chache mno. Nikamwambia, "Ni kweli, mwanangu. Likizo ijayo twende wote, tukaulize wengine."