Ukila na Kipofu

Kwenye duka la mtaani, sarafu ya shilingi mia ikikosekana, muuzaji hachelewi kupata suluhisho. Ananyoosha mkono kwenye kopo lililo kando ya mizani, anatoa vipande viwili vya chingamu, bigijii au bazoka, anaviweka juu ya noti zilizobaki, na chenji imekamilika. Mara nyingi mteja mwenyewe ni mtoto aliyetumwa chumvi au sabuni. Kabla hajafika nyumbani, karatasi imeshatupwa njiani na taya zinafanya kazi. Hakuna aliyeomba bidhaa hiyo, na hakuna aliyesoma kilichoandikwa juu yake.

Biashara hiyo ni ndogo, lakini imesimama juu ya amana. Mtoto amemwamini muuzaji, muuzaji amemwamini msambazaji, msambazaji amekiamini kiwanda, na kiwanda kinaaminiwa kwa sababu ya alama ya ubora iliyochapwa kwenye pakiti. Mzazi yuko mwisho kabisa wa safu hiyo, na anachokijua ni ladha tu. Siku hizi wazazi wengi wameanza kuuliza: ndani ya chingamu mna nini hasa, na je, inadhuru? Swali hilo ni la haki. Naliona, hata hivyo, likijibiwa kwa njia mbili zisizofaa: wanaotengeneza hulijibu kwa kunyamaza, na wanaotahadharisha hulijibu kwa kutia hofu. Zote mbili humwacha mzazi palepale alipokuwa.

Kutafuna bila kumeza hakukuanzia viwandani. Katika kisiwa cha Lolland, nchini Denmark, watafiti walipata donge la lami ya gome la mti lililotafunwa miaka ipatayo 5,700 iliyopita. Mwaka 2019 walitangaza kwamba wamesoma ndani yake vinasaba vya mwanamke aliyelitafuna. Huko Dhofar, kusini mwa Oman, watu hutafuna ubani mpaka leo, ubani uleule unaofukizwa majumbani Unguja na Mombasa. Na chingamu tunayoijua sisi ilitokana na utomvu wa mti wa msapodila, uliogemwa misituni Mexico, Guatemala na Belize, na ambao Thomas Adams wa New York aliugeuza kuwa bidhaa ya dukani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Watu wa zama hizo zote walikuwa na jambo moja ambalo sisi hatuna: mtu akiwauliza wanatafuna nini, waliweza kumwonyesha mti.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watafunaji walikuwa wengi kuliko miti. Viwanda vikageukia malighafi zinazotokana na mafuta ya petroli. Leo sehemu inayobaki mdomoni baada ya utamu kwisha kwa kawaida ni mchanganyiko wa polima, nta na vilainishi. Miongoni mwa polima hizo imo polivinili asetati, ambayo mafundi seremala wanaijua kama gundi nyeupe, na zimo jamii za mpira wa viwandani zilizo karibu na zile zinazotumika kutengenezea matairi na tyubu. Ni lazima niseme hapohapo kwamba zinazoingia kwenye chakula husafishwa kwa viwango vyake, na kwamba kufanana kwa asili hakumaanishi kufanana kwa madhara. Hata hivyo, mzazi anayesoma pakiti hatakutana na majina hayo. Kanuni za kimataifa za Codex kuhusu lebo za vyakula zinaruhusu mchanganyiko wote huo ufupishwe kwa maneno mawili tu: gum base, yaani msingi wa chingamu. Sukari itatajwa, rangi itatajwa, lakini kile ambacho mtoto ataendelea kukitafuna saa nzima hakifafanuliwi.

Wahenga walisema, ukila na kipofu usimguse mkono. Ukimgusa atashtuka, atauliza kwa nini mkono wako umefika upande wake, na tangu hapo atalihesabu kila tonge. Methali hiyo humfundisha mwenye macho namna ya kufaidi kimyakimya, na katika biashara ya vyakula vya viwandani imekuwa kama kanuni. Maadamu mlaji hajashtuka, ya nini kumwambia? Mimi naamini ubinadamu unataka kinyume chake. Anayekula na asiyeona ana wajibu wa kumwelezea sahani: hapa pana nyama, hapa pana mfupa, hapa sina hakika. Kutoona kwa mwenzako hakukupi ruhusa ya kufaidi. Kunakupa mzigo wa kusema.

Mfano wa mzigo uliokwepwa kwa muda mrefu ni titani dioksidi, unga mweupe unaoandikwa kwenye pakiti kama E171. Kwenye chingamu yenye ganda la nje kazi yake ni kulifanya ganda hilo liwe jeupe na ling'ae. Hauongezi ladha, haulishi, wala hauzuii kuharibika. Ufaransa iliupiga marufuku kwenye vyakula tangu mwanzoni mwa mwaka 2020. Mwaka 2021 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema haiwezi tena kuuhesabu kuwa salama, kwa kuwa haikuweza kuondoa uwezekano wa chembe zake kuharibu vinasaba. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukauondoa kwenye chakula. Upande mwingine, kamati ya pamoja ya wataalamu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) iliupitia upya mwaka 2023 na haikuona sababu ya kuuwekea kikomo, na kanuni za Codex bado zinauruhusu.

Wanasayansi wanaweza kuendelea kujadiliana, na ni vizuri wafanye hivyo. Lakini swali la maadili halihitaji kuwasubiri. Penye shaka, hata iwe ndogo, tunapaswa kuuliza ni faida gani inayoilipia. Dawa yenye madhara madogo tunaimeza kwa sababu inaponya malaria. Weupe wa ganda la chingamu unaponya nini? Mtoto asibebeshwe shaka, hata nyepesi kama unyoya, kwa ajili ya kung'aa tu. Na kama kiwanda kimeweza kuutoa unga huo kwenye bidhaa za mtoto wa Lyon, Ufaransa, hakishindwi kuutoa kwenye za mtoto wa Kigoma.

Hayo ni ya wenye kunyamaza. Wenye kutia hofu nao wana amana yao, na wameivunja mara nyingi. Julai 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka aspateimu, kiongeza utamu kinachotumika kwenye chingamu nyingi zisizo na sukari, katika kundi la 2B, yaani vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni mdogo. Habari zikasambaa kwamba chingamu ni saratani. Kilichoachwa njiani ni kwamba katika kundi hilohilo kimo pia kitu kama dondoo ya jani zima la mshubiri, na kwamba uainishaji huo hupima nguvu ya ushahidi, haupimi ukubwa wa hatari katika kiasi anachokula mtu. Siku ileile kamati ya FAO na WHO iliacha kikomo chake bila kukibadilisha: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. WHO ilieleza kwamba mtu mzima wa kilo 70 angelazimika kunywa zaidi ya makopo tisa hadi kumi na manne ya soda yenye kiongezeo hicho kwa siku moja ili akivuke. Wako, kwa upande mwingine, watu ambao aspateimu ni hatari kwao kweli: wale waliozaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria, ambao miili yao haiwezi kuvunjavunja mojawapo ya vitu vinavyotokana nayo. Kwa ajili yao onyo huchapwa kwenye pakiti. Onyo la kweli linamlenga anayehusika na linataja kiasi. Hofu huwapiga wote kwa fimbo moja.

Kiasi ndicho kinachopotea kwanza watu wanapohamaki. Mwaka 2008 madaktari wa Berlin waliandika katika jarida la British Medical Journal habari za wagonjwa wawili waliokonda kupita kiasi kwa kuharisha kwa muda mrefu. Mmoja, mwanamke wa miaka 21, alikuwa amepungua kilo 11. Ilibainika kwamba kila siku alitafuna chingamu nyingi zenye sobitoli, kiongeza utamu kingine, jumla ya gramu 18 hadi 20 za kitu hicho. Alipoacha, tumbo lilitulia na uzito ukaongezeka. Sobitoli hiyohiyo, katika kipande kimoja baada ya chakula, haiwasumbui watu wengi. Na ndugu yake, zailitoli, ilichunguzwa huko Turku, Finland, tangu miaka ya 1970, ikaonekana kusaidia kupunguza kuoza kwa meno, kwa kuwa bakteria wanaoyaozesha hawawezi kuigeuza kuwa tindikali kama wanavyoigeuza sukari. Kutafuna kwenyewe huongeza mate, na mate husafisha kinywa. Anayetahadharisha akiyaficha haya mazuri, naye anakula na kipofu bila kumgusa mkono.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza kwamba chingamu huachia chembe ndogo mno za plastiki kwenye mate: wastani wa chembe mia moja hivi kwa kila gramu, na nyingine hata mia sita. Kilichowashangaza ni kwamba aina zilizotangazwa kuwa za asili ziliachia karibu sawa na zile za polima. Waliotafiti wenyewe walisema hawakusudii kumtisha mtu. Utafiti ulikuwa mdogo, mate yalitoka kwa mtu mmoja, na madhara ya chembe hizo kwa binadamu bado yanachunguzwa. Namna hiyo ya kusema naiheshimu: wamesema walichokiona, wakakomea hapo macho yao yalipokomea. Na ushauri uliotoka kwao ni mwepesi kufuatwa: kwa kuwa chembe nyingi hutoka mwanzoni, kutafuna kipande kimoja kwa muda mrefu ni afadhali kuliko kufungua kipya kila mara.

Tunapojifunza kupima, tunaona pia tulivyozoea kuogopa jina geni na kulipuuza lililo la nyumbani. Sukari, ambayo imejaa kwenye bazoka za bei nafuu wanazopewa watoto, imeandikwa waziwazi kwenye pakiti, na madhara yake kwa meno hayana ubishi. Mara ngapi umesikia mtu akihamaki juu yake? Pwani, tambuu bado huandaliwa penye furaha, na popoo iliyo ndani yake imewekwa na shirika lilelile la saratani kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, tangu tathmini yake iliyochapishwa mwaka 2004. Mtafuna miraa hutia bigijii mdomoni apunguze uchungu, na akisikia habari za aspateimu anaanza kuiogopa bigijii. Sisemi haya kumsuta mtu. Nasema kwa sababu hofu iliyoelekezwa pasipo pake hutumaliza nguvu, na pale inapohitajika tunakuwa tumechoka.

Basi amana ya kinachotafunwa imegawanyika mikononi mwa wengi, na kila mkono una sehemu yake. Mtengenezaji aandike vilivyomo kwenye msingi wa chingamu yake, kimoja kimoja, hata kama kanuni inamruhusu kufupisha, maana ruhusa ya kunyamaza haijawahi kuwa sababu ya kunyamaza. Mashirika yetu ya viwango, TBS, KEBS na wenzao wa ukanda huu, yasiridhike kufuata kiwango cha chini kilichokubaliwa duniani pale wengine walipokwisha kuona sababu ya kuongeza tahadhari. Na yatake lebo za bidhaa za watoto ziwe pia kwa Kiswahili, lugha ambayo mnunuzi anaijua. Muuzaji amuulize mteja kabla ya kugeuza chenji yake kuwa chingamu. Kumuuliza mtoto, au kuandika daftarini kwamba mzazi anadai shilingi mia, ni heshima isiyogharimu kitu.

Mzazi naye ana lake. Aliye na mtoto mdogo asiyejua bado kutema asimpe kabisa, kwa kuwa hatari ya kukabwa iko karibu kuliko ya kemikali yoyote niliyoitaja. Mkubwa kidogo apewe mara moja moja, isiyo na sukari ikipatikana, na afundishwe kutema. Akimeza kipande kimoja, mzazi asimtishe kwamba kitakaa tumboni miaka saba. Kitapita chenyewe kama kilivyoingia. Kinachoweza kuziba utumbo ni mazoea ya kumeza vingi, na hilo linatosha kuwa sababu ya kumkataza bila kumdanganya.

Na sisi tunaoandika, tunaohutubia, tunaosambaza habari kwa simu kabla ya kuzisoma hadi mwisho, tukumbuke kwamba anayetusikiliza mara nyingi hana njia ya kuhakiki tunayomwambia. Kwake sisi ndio wenye macho. Tukimwambia pungufu tumemdhulumu, na tukimzidishia tumemdhulumu vilevile, kwa sababu siku moja atagundua tulimtisha bure, na onyo la kweli litakapokuja hatalisikiliza. Ukweli una kipimo chake kama chumvi ya mboga, na anayeupakua kwa ajili ya mwingine hana ruhusa ya kuupunguza wala kuuongeza.