Wanafunzi wa Antiokia na Wanafunzi wa Vyuo



Someni Matendo ya Mitume 11:27–30. Nabii Agabo alifika Antiokia akitabiri njaa kubwa, nayo ikatukia siku za Kaisari Klaudio. Waumini wa Antiokia hawakuuliza njaa ile ililetwa na dhambi ya nani. Walitoa, kila mtu kadiri ya uwezo wake, wakapeleka kwa wazee wa Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Biblia yetu ya Kiswahili huwaita watoaji hao wanafunzi, neno lile lile tunalowaitia vijana wa vyuo. Basi leo nawaomba wanafunzi wa Bwana wawatazame wanafunzi wa chuo kikuu.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, nayo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka kwa mvua kubwa. Tope, mawe na magogo viliteremka mpaka mji wa Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Msaada ulipelekwa huko, na ilistahili. Lakini watoto wa Hanang hawakuwa wote Hanang. Vyuo vilikuwa vimefunguliwa, na kijana aliyekuwa darasani Dodoma au Morogoro aliipata habari kwa simu. Orodha ya msaada huandikwa mahali pa maafa, kwa kuhesabu walio mbele ya mwandishi. Yule aliye mbali hana tope miguuni, wala hakuna anayemhesabu. Ndivyo ilivyo pia kwa mafuriko, kama yale ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024.

Kijana huyo huja kanisani kwetu. Ukimwuliza, “Habari za nyumbani?” atakujibu, “Nzuri.” Sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kujibu hivyo. Miaka niliyokaa na vijana wa chuo cha ualimu imenizoeza kutoiamini “nzuri” ya kwanza. Muulize tena, mkiwa mmeketi, na watu wameondoka.

Wengine husema, “Si ana mkopo wa Bodi?” Tufikiri vizuri. Mkopo hupimwa kwa hali ya nyumba siku ya kuomba. Mtoto wa mwenye duka huenda hakupata kitu, au alipata kidogo, kwa kuwa baba aliweza kulipa ada. Sasa duka limekwenda na tope, lakini karatasi zingali zinasema baba anaweza. Naye aliyepata fedha za kujikimu, ambazo wao huziita bumu, mara nyingi huzigawa, akatuma nusu nyumbani kwa wadogo zake. Hula mara moja kwa siku, na mwalimu humwona anasinzia na kumdhania mvivu.

Kisha ziko karatasi. Anayetaka kutambuliwa na Bodi kuwa yatima huhitaji cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA. Kijana wa miaka ishirini, aliyezika juzi au hakuwahi hata kuzika, anaambiwa alete cheti. Katika jambo hili mtu mzima wa kumsindikiza ofisini humfaa kuliko shilingi elfu hamsini. Vivyo hivyo asiyeweza kuendelea kwa sasa asiondoke kimya. Aandike barua ya kuahirisha masomo, apate jibu kwa maandishi, ili asihesabiwe kuwa amejiondoa. Parishi yetu haikosi makarani na walimu wastaafu. Kazi hii tunaiweza.

Asitokee mtu wa kumwambia kijana kwamba yaliyowapata wazazi wake ni adhabu. Bwana wetu alitaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13:4), akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Najua maneno hayo husemwa, tena kwa sauti ya maombi.

Tunatoaje, basi? Sisi ni hodari wa changizo la siku moja. Lakini aliyeanza shahada ya miaka mitatu Oktoba 2023, maafa yakamkuta katika muhula wake wa kwanza, alikuwa na safari mpaka 2026. Changizo la Desemba halimfikishi huko. Paulo aliwaagiza Wakorintho waweke akiba kila siku ya kwanza ya juma (1 Wakorintho 16:2), na walipolegea aliwakumbusha kuitimiza kazi waliyoianza mwaka uliopita (2 Wakorintho 8:10–11). Ningependa Baraza la Kanisa lifungue bahasha ndogo ya kila Jumapili kwa ajili hii, fedha zihesabiwe na watu wawili au zaidi, maana Paulo naye hakutaka lawama katika fedha (8:20). Hesabu zisomwe kanisani, majina ya wanaosaidiwa yasisomwe kamwe. Kijana akitajwa mbele ya usharika mara moja tu, Jumapili ifuatayo hatumwoni.

Akina mama wa Umoja wa Mama wamezoea kukaribisha wageni, kwa hiyo chakula cha Jumapili sina shaka nacho. Ila mwenye nyumba asimtake mgeni atoe neno la shukrani. Mpeni ugali na mboga ya kutosha. Akitaka kulala kidogo mchana, mtandikieni mkeka alale.