Akili ni Amana: Neno Juu ya Uyoga wa Maono

Kando ya ziwa la Naivasha, mahali paitwapo Oserian, Mzungu mmoja, Cyril Ramsay-Hill, alijenga nyumba yenye kuba kwa mtindo wa Kiarabu wa Maghrib, katika miaka ya mwisho ya 1920. Watu wakaiita Kasri la Majini. Mkewe Mary baadaye aliolewa na Josslyn Hay, Lodi Erroll, akabaki kuwa bibi wa nyumba ile hata alipofariki mwaka 1939, afya yake ikiwa imekwisha vunjwa na pombe na heroini. Hatumtaji marehemu kwa kumsimanga. Twamtaja kwa kuwa kisa chake chafunza: katika kasri lile hapakuhitajiwa jini wa kumpoteza mtu, anasa ilitosha. Na heroini hiyo hutengenezwa kwa mofini, ambayo tabibu humpa mgonjwa wa saratani apate kupumua.

Kisa hiki chatufaa leo, maana baadhi ya vijana wetu waleta swali juu ya kitu kingine: uyoga unaoleta maono. Wasema, "Hii si pombe, yaota yenyewe kwa mvua ya Mungu, na madaktari wathibitisha ni dawa. Basi uharamu watoka wapi?" Swali hili lastahili jawabu la ilimu, si la ukemeo.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Mwaka 1957 Mmarekani Gordon Wasson alieleza katika gazeti jinsi alivyokula uyoga huo kwa mganga wa Mexico, na mwaka 1958 Mswisi Albert Hofmann akatangaza kuwa ameitoa ndani yake dawa iitwayo silosibini. Dawa hiyo ikiingia mwilini hugeuka, ikashika mahali katika ubongo panapopokea serotonini. Kwa muda wa saa 4 hata 6 mtu huona rangi zisizokuwapo, wakati humrefukia, na nafsi yake humpotea. Mmoja hulia kwa furaha, mwingine hushikwa na hofu kuu. Mwenye maradhi ya wazimu, au yaliyomo katika ukoo wake, hatari yake huzidi. Na mwenye kuokota porini aweza kuokota uyoga mwingine unaofanana nao, ukamuua kwa kumharibu maini. Mapatano ya mataifa ya mwaka 1971 yaliiweka silosibini katika daraja ya kwanza ya vitu vilivyozuiliwa.

Pili, tuseme haki. Mwaka 2022 yalichapishwa majaribio ya wagonjwa 233 wa huzuni nzito, ambao dawa za kawaida hazikuwafaa. Miongoni mwa waliopewa miligramu 25 mara moja, wagonjwa 29 katika kila 100 walikuwa wameondokewa na maradhi baada ya wiki tatu; waliopewa miligramu 1 tu, ni 8 katika kila 100. Lakini wengi walipatwa na kichefuchefu na maumivu ya kichwa, na fikira za kujidhuru zilionekana katika makundi yote. Australia iliruhusu mwaka 2023 matabibu maalumu wa akili waitumie kwa wagonjwa wa namna hiyo. Ni tumaini, wala si muujiza.

Sasa hukumu. Imam al-Qarafi wa Misri, aliyefariki mwaka 1285, alivigawa vitu hivi mafungu matatu: chenye kulevya, chenye kulaza, na chenye kuharibu akili. Uyoga na uingie fungu lo lote. Mwenye kuipoteza akili yake kwa makusudi, pasi na haja, hana hoja. Na wanavyuoni wa Kishafii walimruhusu mwenye kukatwa kiungo kilichooza atumie dawa ya kumwondoa fahamu. Hapa ndipo penye tofauti. Mgonjwa huitoa akili ya saa 6, mkononi mwa tabibu mwaminifu, apate kuirudisha ya miaka. Mzima huitoa akili iliyo timamu, asijue atarudishiwa nini.

Yuko atakayesema, "Mimi sitafuti anasa, namtafuta Mola." Ni kweli kwamba katika majaribio ya chuo cha Johns Hopkins, yaliyotangazwa mwaka 2006, wengi waliihesabu siku ile kuwa miongoni mwa siku kubwa za maisha yao. Hatubishi kuwa waliona. Lakini mwenye homa kali naye huona. Ukubwa wa hisia si ushahidi wa ukweli. Dini yetu imemwondolea taklifu asiye na akili, ikamkataza mlevi asiikaribie sala; vipi basi ulevi uwe ndio mlango wa kumjua Mungu?

Neno la mwisho latuhusu sisi wazee. Ni nani katika mitaa yetu asiyejua nyumba yenye mgonjwa wa huzuni aliyefichwa, akisemwa ana pepo, akapelekwa kwa mganga, akachomewa ubani na kutozwa fedha? Twamkemea kijana kwa uyoga, na mgonjwa wetu twamnyima tabibu! Kumwacha mgonjwa huyo bila ya matibabu nako ni kuipoteza amana. Kijana na aihifadhi akili yake, na mzee ampeleke mgonjwa wake hospitali, kabla nyumba zetu hazijawa makasri ya majini.

Wabillahi tawfiki.