Namba ya Bibi

Muuguzi yule hakutudanganya. Tulikaa naye zahanati siku mbili, tukamuuliza kila anachojaza kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha taarifa za huduma za afya, tukaandika, tukamsomea, akasaini. Miezi saba baadaye tukamletea mfumo, kila safu ya kitabu ina nafasi yake kwenye skrini. Wiki haikuisha akaniita.

"Mwanangu, namba ya bibi naiandika wapi?"

Akanifungulia kitabu. Pembeni, nje ya mistari, kulikuwa na namba za simu kwa penseli. Mama akienda shamba, mtoto hubaki kwa bibi, na bibi ndiye wa kupigiwa siku ya chanjo ikipita.

"Mbona hukutuambia, mama?"

"Hamkuuliza. Na mimi sikujua kama hilo nalo ni la kusema."

Tangu hapo, nikisikia wenzangu wakibishana ipi njia bora ya kujenga mifumo, nasikia wakibishana mwanadamu anaijuaje kazi yake. Njia ya maporomoko (waterfall) inaamini mtu anaweza kuyataja yote anayoyajua kabla msimbo haujaandikwa. Winston Royce, aliyechora hatua zake mwaka 1970, alionya kwenye makala hiyohiyo kwamba kuzifuata hivyo, moja baada ya nyingine, ni hatari. Watu wakachukua mchoro, onyo wakaliacha. Wale 17 walioandika ilani ya njia ya ajaili (Agile) huko Utah mwaka 2001 waliamini vingine: mtu hujua anachotaka akikiona. Nipo upande wao, lakini hawanitoshi. Tungemwonyesha muuguzi skrini kila baada ya wiki mbili, angesema ni nzuri, kwa sababu penseli ile haikuwa kichwani mwake. Ilikuwa mkononi, na mkono huikumbuka pale foleni inapokuwa mlangoni na mtoto analia mezani.

Nchini Norway, miaka ya 1970, mtaalamu wa kompyuta Kristen Nygaard alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma, nao wakaichunguza wenyewe mifumo iliyokuwa ikiletwa viwandani mwao. Hao ndio wanaonigusa. Anayeijua kazi kwa mkono ana haki ya kukaa kwenye kiti cha anayeamua, hata kama hawezi kuieleza.

Nilirudi siku ya kliniki ya watoto, bila dodoso, nikaomba kukaa kando yake kwenye benchi. Kufika saa nne alikuwa ameshaandika pembeni mambo matatu. Moja bado sijui nilipe safu gani.