Kuulizwa na Kuarifiwa

Neno "kushirikisha" limetumika mno katika mikutano yetu hata limechujuka. Mtu huitwa kusikiliza shauri lililokwisha kukatwa, kisha huandikwa kwamba ameshirikishwa. Je, aliyearifiwa ni sawa na aliyeulizwa?

Tuitazame Shinyanga. Tangu zamani wafugaji wa Kisukuma hutenga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, wasiingize ng'ombe humo hadi kiangazi kikali. Sehemu hiyo huitwa ngitili, na hakuna bwana shamba aliyewafundisha. Watawala wa Kiingereza walifyeka mapori ili kuangamiza mbung'o, wakaamuru mifugo ipunguzwe. Wananchi wakakaidi, wala si kwa ujinga. Baada ya Uhuru, Mwongozo wa TANU wa 1971 ulidai kwamba wananchi washirikishwe katika kupanga maendeleo yao. Lakini haikupita miaka mitano, Operesheni Vijiji ikawahamisha watu, na ngitili nyingi zikabaki bila mwenyewe. Jambo hili latuuma zaidi kwa kuwa waliolitenda walikuwa ndugu zetu, nao walitaka mema.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, mradi uliodumu hadi 2004. Mwanzoni nao ulikuja na jibu lake mkononi: vitalu na miche ya miti, mingi ya kigeni. Baadaye wataalamu waliketi na wanavijiji, wakawauliza wao wenyewe waliihifadhije ardhi hapo kale. Jibu likawa ngitili. Wakati mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilizidi hekta 300,000, zikilindwa na sheria ndogo za vijiji na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Hata hivyo tusishangilie upesi. Dagashida kwa desturi ni baraza la wanaume. Tena ngitili nyingi ni za watu binafsi, na asiye na ardhi hana budi kununua nyasi kwa mwenye nayo. Basi tunaposema kwamba kijiji kimeulizwa, ni nani hasa aliyejibu? Mwanamke atafutaye kuni hupita kando ya ngitili ya jirani yake kila asubuhi, naye ajua kuliko wengi ni mti upi umechipua tena na upi umekauka. Yumkini barazani hajaitwa.