Sanduku la Chini

Shauri la kuhamishia makao makuu Dodoma lilikatwa mwaka 1973, lakini ni tangu 2016 ndipo jamaa nyingi za watumishi wa Serikali zilipofunga mizigo Dar es Salaam. Naye afungaye mizigo hufungua pia. Katika sanduku la chini kabisa huonekana rozari ya bibi iliyokatika, kadi ya ubatizo iliyoliwa na mende, na picha ya mtoto mchanga ambaye nduguze hawajapata kutajiwa jina lake.

“Mama, huyu ni nani?”

Hapo wazazi wengi hufunika sanduku upesi, wakisema lori linangoja. Na lingoje! Waisraeli walitoka Misri kwa haraka, hata unga wao haujachachuka, lakini Musa hakuiacha mifupa ya Yosefu. Ilichukuliwa jangwani miaka 40, ikazikwa Shekemu.

Kadi si neno: kitabu cha ubatizo hubaki parokiani, na paroko aweza kuandika nyingine. Lakini jinsi mtoto yule alivyocheka, na alivyougua, hakuna kitabu chenye habari hizo. Zimo kifuani mwa mama tu. Basi, baba, keti juu ya mzigo, umwambie mwanao jina la kaka yake. Liandikeni nyuma ya picha, kwa penseli, maana wino hupenya.

Mtoto aliyebatizwa akafa mchanga hana haja ya sala zetu. Sisi tuna haja ya zake. Mtajeni katika sala ya jioni, usiku wa kwanza wa nyumba mpya, hata kama vitanda havijafungwa.